Mkia Mmoja, Waume Wawili

Barua ile ilikuwa na mikia kumi na minane. Niliihesabu mara mbili. Mara ya kwanza ni nilipoiandika, nikajivunia. Mara ya pili ni nilipoiona juu ya meza ya karani wa boma, Kisarawe, imechorwachorwa kwa wino mwekundu, nikatafuta pa kuweka uso wangu. Mikia kumi na saba ilikuwa makosa. Mmoja ulikuwa sahihi, na huo mmoja ndio uliotuponza.

Mikia ninayosema ni ile koma ya juu, ile inayoning'inia hewani kama imesahau njia ya kushuka mstarini. Wasomi wana jina lao kwa kitu hiki. Sisi tuliiita mkia, kwa sababu tulijulishwa nayo na ng'ombe.

Mwalimu wetu wa kwanza, katika shule ya udongo ng'ambo ya soko la Kisarawe, alikuwa na kitabu kimoja na watoto thelathini na wanne. Kwenye ukurasa wa ng'ombe alikaa siku mbili. Aliandika n, akaandika g, kisha akachomeka ile koma juu na kutugeukia.

"Huu ni mkia. Ng'ombe asiye na mkia anaitwaje?"

"Ngombe!"

"Na ngombe anaishi wapi?"

"Hayupo, mwalimu!"

"Nani amemwona?"

"Hakuna, mwalimu!"

Aliyesahau mkia kwenye daftari lake alisimamishwa pembeni, ajipungie nzi kwa mkono kama ng'ombe aliyekatwa mkia. Tulicheka mpaka machozi, na hatukusahau tena. Ng'oa, ng'ara, ng'ang'ania: kila sauti ile ipitayo puani ilipewa mkia wake.

Miaka minne baadaye tukaanza Kiingereza. Neno la kwanza nililolisoma peke yangu, bila kusukumwa na mtu, lilikuwa kwenye tangazo la serikali lililobandikwa kwenye mlango wa baraza. King's. La Mfalme. Nililitamka polepole, nikasikia puani sauti ileile ya ng'ombe. Nikatazama vizuri: n, g, mkia. Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilikuwa nimeambiwa Kiingereza ni kigumu, kumbe Mfalme mwenyewe, na majeshi yake yote, anaandikwa sawasawa na ng'ombe wa mjomba wangu. Tangu siku hiyo nikawa naandika morning', evening', long', na kila nikiandika kwamba ninaandika, nikawa naweka writing'. Sikukosolewa, kwa sababu mwalimu wa Kiingereza alikuwa na shamba kubwa na sisi tulikuwa wakulima wake, na daftari zetu zilikaa mvunguni mwa kitanda chake mpaka panya walipozisahihisha.

Kabla hajahamishwa alitufundisha jambo moja ambalo nililishika. Mkia, alisema, huonyesha mwenye mali. Mwenye mali akiwa mmoja, mkia unatangulia s. Wenye mali wakiwa wengi, unakaa nyuma ya s. "Kama kundi linalorudi zizini," alisema, "mchungaji anakuja mwisho." Sikuona kwamba jambo hili linapingana na ng'ombe. Nilihesabu tu kwamba mkia una kazi mbili, kama kisu cha jikoni, na nikaona ni vema, kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ambamo kila kitu kilikuwa na kazi mbili, hata sufuria.

Nilipokuwa mtu mzima kazi yangu ilikuwa machungwa. Niliyanunua Kisarawe, nikayafunga kwenye baiskeli kwa magunia mawili, nikayauza upande wa Kibaha, pale Maili Moja, kwa madereva wa malori ya Morogoro. Machungwa niliyahesabu mara mbili, mara moja mbele ya aliyeniuzia na mara moja mbele ya aliyenunua, na hesabu hizo mbili hazikuwahi kulingana, ndiyo maana nilikula. Pembeni ya machungwa niliandika barua. Barua ya Kiswahili niliandika bure. Ya Kiingereza ilikuwa mayai sita.

Watu hawakupenda kusema hivyo, lakini walichokuwa wananunua ni mikia. Hawakujua kusoma Kiingereza, ila macho walikuwa nayo, na barua yenye vitu vinavyoning'inia juu ilionekana ya Kizungu kuliko ile tambarare. Mzee mmoja wa Pangani, Pangani yetu hii ya Kibaha, alinirudia na karatasi yake mkononi, amekunja uso.

"Kijana, jirani yangu umemwekea mikia tisa. Mimi mitano. Mayai yangu yalikuwa viza?"

"Mzee, barua yako ni fupi."

"Irefushe."

"Ina maneno yote uliyosema."

"Sikukufuata kwa maneno. Maneno ninayo nyumbani."

Nikamwongezea mitatu, mahali palipokuwa na nafasi. Akaihesabu, akaenda zake ameridhika. Sikujiona mwizi. Mnunuzi akitaka tumbili afungwe shanga, muuzaji atafanyaje?

Basi miaka ile ya mwisho ya Mfalme, vita vilipokuwa vimekwisha na malori yameongezeka, serikali iliamua barabara ya Morogoro itengenezwe upya. Barabara inataka changarawe, na changarawe nzuri ilionekana Pangani, kwenye kilima nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, dada yake baba. Wakaja watu na kamba na vigingi vilivyopakwa chokaa. Wakapigilia vigingi kuzunguka sehemu nzima watakayochimba. Ndani ya vigingi hivyo yalikuwamo makaburi mawili, na yote mawili yalikuwa ya waume wa shangazi.

Nieleze, kwa sababu hapa ndipo Mzungu wa boma alipopotelea. Shangazi aliolewa na mkulima mmoja wa kule, akakaa naye miaka mingi, mume akafa kwa homa. Akakaa eda. Eda ilipokwisha, mdogo wake marehemu akamwoa, kama ilivyokuwa desturi ya watu wengi. Naye akakaa naye miaka, naye akafa. Walizikwa kilima kimoja, kila mmoja kwa mawe yake, umbali wa hatua kumi na moja. Nimezipima mara mbili, kwenda na kurudi.

Shangazi alinikuta Maili Moja nikibishana na dereva juu ya chungwa moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Acha chungwa hilo. Niandikie barua."

"Ya wapi?"

"Ya boma. Na iwe ya Kizungu. Ya Kiswahili itaishia kwa karani, atafutia miwani."

Nikamketisha kwenye gunia. Alikuwa mwanamke mkavu, hana machozi ya karibu, lakini siku ile alikuwa akifunga na kufungua pindo la kanga yake.

"Wakichimba pale," alisema, "wanachota udongo na watu wangu ndani yake. Watawamwaga barabarani, watawashindilia. Siku moja nitapanda lori kwenda Dar es Salaam, nimkanyage mume wangu, na hata sitajua ni yupi."

Nilitaka kucheka, nikamtazama, nikaacha.

Nikaandika barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Sikumtoza hata yai. Nilimwekea mikia kila palipostahili na mingine palipokuwa na shaka, kwa kuwa ni shangazi yangu. Nilipofika kwenye makaburi nikasimama. Nikakumbuka mchungaji anayekuja mwisho. Wenye makaburi ni wawili, kwa hiyo mkia nyuma: my husbands' graves. Makaburi ya waume zangu. Nikauangalia ule mkia kwa muda mrefu, nikaona nimefika mahali ambapo wenzangu wote wa darasa hawakufika. Ningeweza kuandika neno moja tu, kwamba ni mawili. Mimi, ninayehesabu kila kitu mara mbili, sikuandika hesabu. Niliuachia mkia ufanye kazi ya tarakimu, kwa majivuno tu.

Baada ya wiki tatu jibu likaja, si kwa shangazi bali kwa nyapara wa machimbo, na nakala mkononi. Nyapara alikuwa mtu wa bara, mpole, kofia ameishika kifuani. Hakujua Kiingereza, lakini karani wa barabara alikuwa amemsomea.

"Mama, ombi lako limekubaliwa," alimwambia shangazi. "Kaburi la mume wako halitaguswa. Vigingi visogezwe hatua tano kila upande wa kaburi. Nionyeshe lilipo."

"Haya hapa," akasema shangazi.

Nyapara akatazama mawe ya kwanza, akatazama ya pili.

"Lipi?"

"Yote."

"Yote si lipi, mama. Karatasi inasema kaburi. La mume. Mmoja."

"Nilikuwa na wawili."

Vijana wa sururu waliokuwa nyuma yake wakaguna, mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Bibi huyu alikuwa hatari." Nyapara akamgeukia: "Funga mdomo wako, wewe ambaye hata mmoja hujapata." Kisha akamrudia shangazi, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, mimi ni mtu wa amri. Hatua tano kutoka hapa hazifiki kule. Nionyeshe lipi."

Shangazi alimpita. Alikwenda akaketi chini, katikati ya makaburi mawili, akanyoosha miguu yake mbele kama mtu anayesubiri chakula kiive.

Hapo nikaingia mimi, kwa kazi ninayoijua. Nikamwambia nyapara anipe siku tano niende Kisarawe. Akasema hana hata moja, lori linasubiri changarawe. Nikasema nne. Akasema lori halijui kuhesabu. Nikasema basi tatu, na nitakuja na karatasi yenye makosa machache zaidi. Akakuna kichwa. Akasema wataanzia upande wa chini wa kilima, na upande huu wataufikia kesho kutwa adhuhuri. "Adhuhuri," akarudia, "si alasiri." Nikamwambia adhuhuri ya kwake au ya kwangu? Akacheka kidogo, lakini hakuongeza saa.

Niliacha machungwa kwa jirani, baada ya kuyahesabu mbele yake, nikapanda baiskeli. Njia ya kukata kwenda Kisarawe ilikuwa ya mchanga na mizizi, nusu ya safari ni wewe unapanda baiskeli na nusu ni baiskeli inakupanda wewe. Nilifika boma jua limeanza kulegea, vumbi mpaka kwenye kope.

Karani alikuwa kijana wa umri wangu, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata. Alikuwa anafunga madaftari.

"Habari za kazi, bwana karani."

"Njema. Unatoka wapi?"

"Pangani. Shauri la makaburi."

Akainua macho taratibu. "Wewe ndiye wa mikia?"

"Mikia gani?"

Akafungua jalada, akaitoa barua yangu, akaiweka mezani kwa vidole viwili. "Hii. Ndugu yangu, tumecheka humu wiki nzima. Bwana Shauri alipoiona alidhani nzi wameifanyia haja. Alimwita tarishi aje aikung'ute."

Bwana Shauri ndiye Mzungu mkubwa wa wilaya. Nilisimama pale, masikio yanawaka. Nikaanza kuhesabu alama za wino mwekundu, kwa kuwa nikiaibika huhesabu. Kumi na saba zimekatwa.

"Huu hapa," karani akaweka kidole kwenye writing', "ni wa nini?"

"Wa ng."

"Ng gani?"

"Ya ng'ombe."

Karani akaondoa kidole chake. Akakaa chini. Akatazama mlango wa ndani kama umefungwa, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ng'ombe asiye na mkia anaitwaje?"

Nikamtazama. "Ngombe."

"Na anaishi wapi?"

"Hayupo."

"Lo," akasema, na akafunika uso kwa mikono yake miwili, mabega yanatikisika. Alikuwa amesoma kwenye kitabu kilekile, shule nyingine, fimbo nyingine. Akaniambia kwamba mwezi wake wa kwanza pale bomani aliandika barua ya kwenda Dar es Salaam, akaweka evening' na mkia wake. Ikarudi na duara jekundu, na Bwana Shauri akaisoma kwa sauti mbele ya matarishi. "Tangu siku hiyo," alisema, "nikiona mkia nachinja kwanza, nauliza baadaye. Kiingereza, ng ni ng tu. Mkia si wake. Ule wa King's ni wa mali, si wa pua."

Maisha yangu yote ya barua yakapita mbele yangu, na mayai yake.

"Sawa," nikasema. "Kumi na saba umechinja. Huu wa kumi na nane hukuuchinja. Umeusogeza."

Akavuta barua karibu. Palikuwa na my husbands' graves, na mshale mwekundu unautoa mkia nyuma ya s na kuuleta mbele. Na ile s ya mwisho, ya makaburi, ilikuwa imekatwa.

"Hapa ulikosea tu mahali," alisema. "Mwenye mali mmoja, mkia mbele. Halafu nikaona, mume mmoja hawezi kuwa na makaburi mawili, kwa hiyo nikaondoa s. Nikapiga taipu upya yote, safi, ndipo Bwana Shauri akaweka saini."

"Walikuwa wawili."

"Wawili nini?"

"Waume."

"Mwanamke mmoja?"

"Kwa zamu, bwana karani. Wa kwanza alikufa, mdogo wake akamwoa. Wote wako pale kilimani. Kesho kutwa adhuhuri mmoja wao anapakiwa kwenye lori."

Akaisoma upya sentensi yangu, midomo inacheza. Akaweka kidole pale mkia ulipokuwa kabla hajausogeza.

"Kwa nini hukuandika kwamba ni mawili?"

"Niliandika. Kwa mkia."

Kiswahili chetu kingetuokoa sote wawili. Ukisema makaburi ya waume zangu, hesabu iko ndani ya kila neno, hakuna karani anayeweza kumtoa mume mmoja humo bila kuvunja sentensi nzima. Kwa Kiingereza mume mzima, na ndevu zake na jembe lake, anabebwa na kitu kidogo kuliko chawa.

Karani akaniambia shida yake, na aliniambia bila kujipamba. Alikuwa bado kwenye majaribio. Ilibaki miezi miwili kazi iwe yake, na Bwana Shauri alikwishasema kwamba barua moja zaidi ikitoka na kosa la karani, arudi kwao akalime. Ana mama, ana wadogo zake, mshahara wake unalisha watu tisa. Nikamuuliza tisa pamoja na yeye? Akasema bila yeye. Kwa hiyo kumi.

"Nikiingia mle ndani," alisema, "nikasema barua yake ilikuwa sahihi nami nikaiharibu, kazi yangu imekwisha hapa. Lakini nitaingia. Siwezi kumlaza mtu barabarani."

Na angeingia. Nilimwona anavuta kaptula yake iteremke vizuri, jinsi mtu anavyojitayarisha kuchapwa. Nilimjua kwa nusu saa tu, lakini alikuwa mtoto wa ng'ombe yuleyule.

"Ngoja," nikamwambia. "Barua ina makosa mangapi?"

"Kumi na saba."

"Ikiwa na kumi na nane, nani atashangaa?"

Hakuelewa upesi. Nikamweleza kama ninavyoeleza bei. Yeye anataka jina lisiguswe. Mimi nataka kaburi la pili. Bwana Shauri anataka kujua nani mjinga, na mjinga yuko hapa tayari, amekwisha andikwa kwa wino mwekundu, hahitaji kutafutwa. Nitaandika barua mpya, niseme katika ile ya kwanza mimi ndiye niliyekosea mkia, nikampunguzia shangazi mume mmoja. Karani alipiga taipu alichokiona, na ile barua yenye mshale ibaki chini kabisa ya jalada.

"Lakini wewe ulikuwa sahihi," akasema.

"Mmoja katika kumi na minane. Hiyo si sahihi, hiyo ni bahati."

Nilisema hivyo kwa wepesi. Moyoni sikuwa mwepesi. Ule ulikuwa mkia pekee niliouweka mahali pake tangu nizaliwe, na nilikuwa nauuza kwa bei ya hasara.

Nililala kwa binamu yangu, na asubuhi nikawa kwenye ngazi za boma kabla ya tarishi. Nikaandika barua mpya juu ya goti, karani amesimama nyuma yangu ananichungulia. Kila nilipofika kwenye ng mkono ulitaka kupanda juu wenyewe, na kila mara karani alinong'ona, "Acha, acha." Ilikuwa kama kupita mbele ya mzee bila kumwamkia. Barua nzima ilitoka na mkia mmoja tu. Safari hii, baada ya mkia, nikaandika pia kwa maneno kwamba waume ni wawili, na makaburi ni mawili, na hatua ni kumi na moja.

Bwana Shauri alikuwa safarini mpaka alasiri; aliporudi alituita wote wawili. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko Kiingereza changu, jambo ambalo si la kujisifia kwa yeyote kati yetu. Alisoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Kwa hiyo bibi huyu alizika waume wawili pale?"

"Ndiyo, bwana."

"Ndugu?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Na wewe ulitaka kumpotezea mmoja kwa sababu ya hii?" Akaugusa mkia kwa ncha ya kalamu.

Karani alikuwa ametazama sakafu. Nilijua kwamba nikichelewa kidogo tu atasema mwenyewe.

"Nilikosea, bwana," nikasema.

Akanifundisha. Alichukua karatasi, akachora, akanionyesha mwenye mali mmoja, mkia mbele. Wenye mali wengi, mkia nyuma. Alifundisha vizuri, kwa subira, na aliponiuliza kama nimeelewa nilimwambia nashukuru, sasa nimeelewa. Akamwambia karani, "Umeona? Kosa dogo, madhara makubwa." Karani akasema, "Nimeona, bwana." Akapiga taipu ile amri upya, na mashine ikalia kama ina homa. Saini ikawekwa.

Karani alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli. Akashika usukani kidogo kabla sijaondoka.

"Ule mkia wako," akasema, "ulikuwa mzuri."

"Najua."

"Ulikaa mahali pake kabisa."

"Najua, ndugu yangu. Achia usukani, adhuhuri haijui kusoma."

Giza lilinikuta njiani, nikalala, na kesho yake nilifika Pangani jua likiwa halijafika utosini. Vijana walikuwa wamekwisha panda mpaka upande wa juu, sururu mbili zimesimikwa ardhini, hatua saba kutoka mawe ya kaburi la pili. Shangazi alikuwa ameketi palepale katikati, na mtu alikuwa amemletea mkeka na muhogo wa kuchemsha. Nyapara alikuwa amechuchumaa mbali kidogo, anakula kipande cha muhogo uleule. Nikampa karatasi. Akaiangalia juu chini, akamwita karani wa barabara, akasomewa.

"Makaburi," akasema karani wa barabara. "Mawili. Waume wawili."

Nyapara akasimama, akapangusa mikono. "Mama, samahani," akasema. "Tulikuwa na mmoja pungufu." Akaamuru vigingi vyote ving'olewe vikapigwe upya, na alivipima yeye mwenyewe, hatua tano kutoka kila kaburi, mstari mmoja ukayazunguka yote mawili. Nami nikapima nyuma yake. Akaniuliza kama simwamini. Nikamwambia siuamini hata mguu wangu.

Walipokwenda na sururu zao upande wa pili wa kilima, shangazi alibaki ameketi. Nikakaa karibu naye. Nikamweleza yote: karani, mikia kumi na saba, na huu mmoja niliousaliti. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule kijana wa boma kazi yake imepona. Nikasema imepona. Akasema vizuri, maana watu kumi ni wengi.

Kisha nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linanikereketa tangu siku ya kwanza. "Shangazi, karatasi ingerudi vilevile. Ungemwonyesha lipi?"

Akanitazama, nikadhani nitapigwa.

"Wa kwanza," akasema, "baba zetu walinipeleka kwake. Alikuwa mtu mwema. Wa pili, eda ilipokwisha, wote walisema mimi ni wake, desturi ndiyo hiyo, hakuna la kuuliza. Alikuja jioni, akasimama nje ya mlango, hakuingia. Akaniuliza kama nataka."

Akakusanya maganda ya muhogo kwenye mkeka, moja moja.

"Lakini nisingemwonyesha," akasema. "Kaka yake angesikia."

Akanipa mkono nimwinue.